Futa Diski Yote

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, kompyuta mpakato ya marehemu iliwashwa kwenye meza ya sebuleni, na kabla haijamaliza kuzungusha kile kiduara chake kwenye kioo, ilikohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kifuani, na kilitokea ubavuni, kwenye matundu ya feni. Fundi aliyeketi mbele yake alikitambua. Alikuwa binti wa marehemu, na ndiye aliyetengeneza kompyuta za mtaa mzima. Alingoja kikohozi kiishe, akaizima mashine, akachukua bisibisi.

"Hiyo feni," alisema mdogo wake, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa sasa aliinama kila alipopita mlangoni.

"Feni," alikubali fundi.

Kompyuta ile ilikuwa zawadi ya kustaafu kutoka kiwanda cha saruji. Marehemu aliitumia mwaka mmoja na ushei, zaidi kwa kucheza karata peke yake huku akipumua kwa mdomo. Alipofariki, daktari wa kiwanda aliandika kwamba sababu ni umri. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Sasa kiwanda kilikuwa kimempa Kitinda nafasi ile ile ya baba yake, kwenye kinu cha kusagia, kuanzia Jumatatu. Sharti lilikuwa moja: hadi Jumapili awe amesoma mafunzo ya usalama kwenye mtandao na kufaulu mtihani wake. Mafunzo hayakufunguka kwenye simu. Kwenye kompyuta hii pia yaligoma, kwa sababu mfumo endeshi wake ulikuwa mzito na wa zamani, na waliouuza walikuwa wameshaacha kuutunza.

Dawa yake ilijulikana. Fundi alikuwa na flashi yenye mfumo mwepesi, wa programu huria, unaotungwa na watu wasiojuana na kutolewa bure kwa yeyote anayeutaka. Kwa mfumo huo aliwahi kurudisha kazini mashine ambazo wenyewe walikuwa wakizuilia mlango usijifunge.

Alifungua kifuniko cha chini, akaipuliza feni. Likatoka vumbi la kijivu, laini kama unga. Akasugua kwa brashi. Vumbi likajaa kisahani, likajaa sufuria, likajaa ndoo. Feni yenyewe ilienea kwenye kiganja. Mama alikuja kuichukua ndoo, akaipima uzito kwa mkono.

"Mimi nilifagia miaka yote nikidhani nalimaliza," alisema. "Kumbe mwenzangu alikuwa anaweka akiba."

Aliimwaga ndoo nyuma ya nyumba, kisha akamwita binti yake jikoni na kuuegesha mlango.

"Sema imekufa."

"Haijafa, mama. Imechoka tu."

"Nani atakuja kuipima mapigo? Sema imekufa, Jumapili ipite, nafasi wampe mwingine."

"Mwingine naye ana mama."

"Basi amzuie wake. Mimi nazuia wangu."

Fundi alinawa mikono bila haraka. Hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu mashine, na hilo hakulihesabu kuwa wema; ulikuwa utaratibu wa kazi. Lakini hata yeye hakutaka Kitinda aende kwenye kile kinu, na kile kikohozi kilikuwa kimempa wazo.

"Baba yumo mle ndani," alisema. "Nikifuta diski itabidi atoke. Akitoka atamwambia mwenyewe asiende, na mwanao atamsikia. Sisi anatupuuza."

Mama alilipima jambo hilo kama alivyoipima ndoo. "Mtu yule alikohoa hadi kaburini, na hakuna siku aliyosema kifua kinamuuma."

"Kwa Kitinda atasema."

"Haya. Mtoe."

Fundi alichomeka flashi, akaiwasha mashine na kuielekeza ianzie huko. Kwanza aliujaribu mfumo bila kuigusa diski, aone kama mtandao unashika na spika zinafanya kazi. Mtandao ulishika. Kwenye spika alisikika baba yake akisafisha koo. Akaanza kusakinisha. Mashine iliuliza lugha, ikauliza mpangilio wa herufi, ikauliza jina la mtumiaji, na Kitinda akaandika lake. Mwisho ikauliza kama mfumo mpya ukae kando ya ule wa zamani au diski yote ifutwe. Hapo fundi alikuwa na kawaida ya kumuuliza kila mteja, kwa sauti, kama kuna kitu cha kubakiza. Akauliza.

"Picha ninazo kwenye simu," alisema Kitinda. "Futa tu, dada."

Akafuta.

Mstari wa kijani ulianza kujaa. Ulipofika katikati, marehemu alitoka. Alipitia kwenye matundu ya feni, kwanza kama uzi mwembamba wa vumbi, kisha kwa wingi zaidi, hadi akawa ameketi kwenye kiti cha pembeni na ovaroli yake, mweupe kuanzia kope hadi kamba za viatu. Alikohoa kwa muda. Walimngoja amalize.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kitinda. Umekuwa mrefu."

"Viatu," alisema mama kutoka mlango wa jikoni.

Marehemu akavivua, akavipeleka nje, akarudi. Mama alikuwa ameshatandika shuka kuukuu kwenye kiti.

Jumamosi alishinda hapo hapo. Hakula. Kila alipokohoa, sakafu ilipata tabaka jipya, na mama akafagia kumzunguka, akimgonga miguu kwa ufagio ainyanyue. Jirani aliyekuja kuazima pasi alimuuliza hali, naye akajibu kwamba yupo yupo. Jirani akamwambia mama kuwa mzee amepungua, akaondoka na pasi.

Kompyuta nayo ilibadilika. Ilifunguka kabla mtu hajavuta kiti. Kitinda aliisifu hadi ikachosha. "Hii sasa nyepesi, dada. Naogopa nikipiga chafya itaruka dirishani."

"Humo ndani sasa ni baridi," alisema marehemu.

Fundi alimngoja baba yake aseme. Mara mbili alimwacha peke yake na Kitinda, akajifanya ana kazi jikoni, akasikiliza mlangoni pamoja na mama. Walizungumza habari za mpira.

Jumapili jioni Kitinda alifungua mafunzo. Fundi alikivuta kiti cha marehemu, shuka na vyote, hadi mezani, ili akione kioo. Ilikuja video ya mtu aliyevaa kofia safi akitembea kiwandani. Baada yake yakaja maswali. Njia za kutokea, Kitinda alipata. Rangi za mitungi ya kuzimia moto, alipata. Swali la nne liliuliza ni madhara gani humpata mfanyakazi anayefuata maelekezo kutokana na vumbi la saruji. Majibu yalikuwa matatu: la kwanza, ya kifua, la pili, ya macho, la tatu, hakuna.

Kitinda aliusogeza mshale kwenye la kwanza. Kidole chake kikabaki juu ya kitufe. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha marehemu, mikono yote miwili juu ya mgongo wa kiti.

"La tatu," alisema marehemu.

"La tatu, baba?"

"Hakuna. Huo mtihani nimeufanya kila Januari. La kwanza utafeli."

"Na kifua chako je?" aliuliza fundi.

"Swali haliulizi kifua changu."

"Baba. Mwambie."

Marehemu alianza kukohoa. Mama akamletea beseni, akamshikia, huku akigeuza uso pembeni. Alipomaliza, aliifuta midomo kwa mkono wa ovaroli, na ikawa vile vile.

"Nimwambie nini? Mimi nilikaa nje ya lile geti miaka mitatu nikiomba kibarua. Huyu wamemwita wenyewe. Nimwambie akae hapa ale nini? Bofya, mwanangu."

Kitinda akabofya. Swali likageuka kijani. Mengine sita waliyajibu pamoja, mzee akitaja na kijana akibofya, na wakafaulu yote. Cheti kilipotokea na jina la Kitinda katikati, marehemu aliomba asomewe. Kisha akaomba asomewe tena.

"Nilidhani umerudi kumzuia," alisema mama.

"Nimetoka kwa sababu mlinifuta."

Kabla ya kulala, fundi aliigawa diski upya. Aliubana mfumo mpya kwenye nusu, akaacha nusu nyingine tupu, akamwonyesha baba yake. Marehemu aliusogeza mkono karibu na matundu ya feni, akautoa. Mashine haikuwa na joto lolote. Akasema asante, akarudi kwenye shuka.

Jumatatu king'ora cha kwanza kilipolia, marehemu alikuwa ameshavaa viatu nje. Alitembea na Kitinda hadi kiwandani, bega kwa bega, na fundi nyuma yao. Getini mlinzi alikagua cheti kwenye simu, akamfungulia Kitinda. Marehemu alipotaka kufuata, mlinzi alimwekea mkono mbele.

"Mzee wangu, wewe ulishastaafu. Wenzako wako pale."

Kando ya uzio walikuwa wamesimama wazee, weupe, wengi, kila mmoja ameshika waya na anatazama ndani. Fundi aliwatambua wawili: baba wa muuza mikate, na mume wa yule jirani wa pasi. Aliwaamkia, wakaitikia. Marehemu akaenda kusimama mwisho wa mstari, akashika waya. Huko ndani Kitinda alipokea kofia, akaingia kwenye jengo la kinu bila kugeuka.

King'ora cha pili kililia. Kinu kikaanza kusaga. Lori lililokuja kupakia lilipiga honi nyuma yao.

"Wazee, sogeeni kidogo," alisema mlinzi. "Gari lipite."

Wazee wakasogea. Lori likaingia, na mlinzi akafunga geti.