Familia ya Sita

Lango kuu lilipofungwa kwa mnyororo kuzuia ugonjwa, bweni la wasichana lilikuwa bado na kelele za soko. Kufikia mwisho wa mwezi kelele zilikuwa zimenywea, mafuta ya nywele yameadimika, na kila kitu, kuanzia mashuka hadi uji, kilinuka dawa ya kuulia vijidudu. Waliobaki shuleni ni watahiniwa wa kidato cha nne na wale ambao wazazi wao walikwama nje ya mipaka. Wakaitwa bwaloni, wakaambiwa kwamba tangu siku hiyo wataishi kifamilia.

Familia zilikuwa mpango wa Madam, mkuu wa shule. Wasichana sita au saba wale pamoja, wasome pamoja, waoge zamu moja, na wasisogeleane na familia nyingine. Akiugua mmoja, inatengwa familia yake na yeyote aliyewagusa, yeye na familia aliyomo, na shule inaendelea. Mpango safi kabisa, hata mtu wa wizara angeupigia makofi. Ila Madam, ambaye kwa kawaida hakuruhusu mtu achague hata rangi ya soksi, siku hiyo aliamua kuwa mpole.

"Chagueni wenyewe," alisema. "Nawapa nusu saa."

Wakachaguana kama watu wanaochagua nyanya, kwa kubonyezabonyeza. Nusu saa ilipokwisha, familia tano zilikuwa zimejaa, na kwenye kona ya bwalo wamebaki wanne: Kalamu, mapacha wawili wa kidato cha kwanza, na msichana aliyeitwa Nusu kwa kuwa mama yake alikuwa mgeni na baba yake mwenyeji. Wote wanne, ama kwa baba ama kwa mama, asili yao ilikuwa nchi ile ambako ugonjwa ulisikika kwanza. Hakuna aliyewafukuza. Hawakuchaguliwa tu. Madam akawatazama, akatazama saa, akaandika ubaoni "Familia ya Sita", akapangusa chaki mikononi.

Kalamu alizaliwa humu humu nchini. Nchi ya babu yake aliijua kwa picha moja iliyoning'inia sebuleni kwao. Kiswahili alikizungumza hadi kikatoa jasho. Aliweza kukutukana ukamshukuru, ukaja kushtuka umeshafika bwenini. Jina alipewa kwa wembamba, na kwa ile penseli aliyoichomeka nyweleni saa zote.

Aliyekosa usingizi usiku ule, lakini, hakuwa Kalamu. Alikuwa Afande.

Afande ndiye kiranja wa bweni, msichana mwenye mabega mapana na sauti ya kuamshia kijiji. Tangu kidato cha kwanza alilala kitanda cha chini, Kalamu cha juu. Walijuana hadi kukoroma. Siku ya kuchaguana, Familia ya Kwanza, ya Afande, ilikuwa imebakiza nafasi moja, na Kalamu alikuwa anakatiza bwalo kuja kwake, anatabasamu, hana haraka, kama mtu anayekwenda kwake. Malkia akamvuta Afande mkono wa sweta. Malkia ni msichana ambaye mama yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na hakumruhusu mtu alisahau hilo.

"Ukimleta huyo karibu yangu, mama atajua leo leo," alimnong'oneza.

Afande akainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa. Akaifungua, akaifunga, na alipoinua kichwa nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, na Kalamu amesimama katikati ya bwalo hajui mikono aiweke wapi.

Baada ya hapo maisha yakashika mkondo, na mkondo wenyewe ulikuwa hivi. Zamu za kuoga zilifuata namba za familia. Familia ya Kwanza ilikuta mabomba yanatiririka. Familia ya Tano ilikuta yanakohoa. Familia ya Sita ilikuta yamekufa, ikachukua ndoo, ikateremka hadi kwenye tangi la jikoni, ikapanda mlima nazo kichwani jua likiwa limeshachomoza. Wakimaliza kuzijaza za kuogea na za kusafishia choo, kengele ya kupimwa joto inalia. Basi wanakuja mbio hawajaoga, wanahema.

Mlangoni mwa ukumbi anawasubiri Afande na kipimajoto chenye umbo la bastola. Unamlenga mtu kwenye paji la uso, kinapiga mlio, taa inawaka. Kijani, pita. Nyekundu, kaa pembeni. Wa familia tano za mwanzo, waliooga maji ya baridi na kupigwa na kivuli cha ukumbi, walipita kijani kama magari ya wakubwa. Familia ya Sita ikaanza kuwaka.

Kwanza Pacha Mkubwa. Kesho yake Nusu. Halafu Pacha Mkubwa tena, na Kalamu.

Hapo ndimi zikafunguka. Wakipita, watu wanafunika pua juu ya barakoa. Kijiko walichoshika kinaokotwa kwa karatasi. Jikoni mtu mmoja aliuliza kwa sauti, "Kalamu, mjomba wako Virusi hajambo?" na foleni nzima ikavunjika mbavu. Afande naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika, kikaanguka mbele ya Kalamu.

"Hajambo," Kalamu alijibu akipokea sahani. "Anakusalimu. Anasema mdomo wako ni mpana, atapata chumba cha mbele."

Foleni ikacheka tena, upande mwingine. Lakini usiku Kalamu hakulala kitanda cha juu. Familia ya Sita ilikuwa imesogezewa magodoro yake hadi mwisho wa bweni, karibu na choo.

Siku iliyofuata Afande alitoka mapema kuliko kawaida. Akamkuta Pacha Mdogo katikati ya mlima, ndoo imemlemea, maji nusu yameshamwingia kifuani.

"Lete hapa, mdogo wangu."

"Dada, haturuhusiwi kugusana."

"Lete, nimesema."

Akaibeba hadi juu, akarudi kwa nyingine. Kwenye tangi alikuwepo Kalamu, anakinga maji. Walikuwa hawajazungumza tangu bwaloni.

"Leo kamba ya kiatu haijafunguka?" Kalamu aliuliza bila kugeuka.

Afande akashika ndoo. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, maneno mazuri tu, yenye mwanzo na mwisho. Hayakuja hata moja.

"Nimekuja kubeba maji."

"Beba. Maji hayana kinyongo."

Akabeba. Alipofika mlangoni kengele inalia, jasho linamtiririka hadi kwenye kidevu. Kila asubuhi kiranja alianza kwa kujipima mwenyewe. Akajilenga pajini. Mlio. Nyekundu.

Akajipangusa, akajilenga tena. Nyekundu. Akawaambia walio mbele wasubiri, akaenda kukaa nyuma ya mlango kwenye sakafu ya baridi, akahesabu pumzi zake kama mgonjwa. Hakukohoa. Koo halikuwasha. Jasho lilipokauka akajaribu tena, na taa ikawaka kijani, haina habari.

Akabaki amekaa pale, ameishika bastola kwa mikono miwili, anaitazama kama mtu aliyegundua saa yake imekuwa ikimdanganya mwaka mzima. Halafu akanyanyuka, akawapima wote, mmoja mmoja. Familia ya Sita ikaja mbio mwishoni. Mapacha wote wawili nyekundu. Alijua la kufanya, awaweke kivulini kwanza, lakini Madam mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake asubuhi hiyo, na alishaona.

"Inatosha," Madam alisema. "Mkutano saa nne, uwanjani."

Afande alimfuata Matroni stoo ya mashuka. Matroni alikuwa shangazi yake, dada wa baba, ndiye aliyemwombea nafasi katika shule hii. Akamweleza yote, ndoo, mlima, taa. Shangazi alikunja mashuka bila kuinua macho.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi koma hapo hapo." Akaliweka shuka juu ya mengine. "Mwanangu, mama wa Malkia alipiga simu jana mara tatu. Nimeshaambiwa nitoe magodoro manne yapelekwe stoo ya karakana. Nikisema siyatoi, kesho nitakuwa nje ya lango na godoro la tano. Usinivunjie kibarua."

"Stoo ya karakana haina taa, shangazi. Mtihani wa vitendo watafanyia wapi?"

Shangazi akachukua shuka jingine. Lilikuwa limeshakunjwa. Akalikunja tena.

Saa nne uwanja ulikuwa umejaa, kila familia kwenye mstari wake wa chokaa. Familia ya Sita iliketishwa chini ya ukuta wa maktaba, kivulini, mbali na wengine. Madam hakuzunguka. Alisema Familia ya Sita itahamia stoo ya karakana tangu leo, chakula kitapelekwa mlangoni, na wengine wasiwe na hofu.

Kalamu akasimama. "Na mtihani, Madam?"

"Tutaona."

"Maabara iko huku. Sisi tutakuwa kule. Tutaona nini?"

"Kaa chini."

Akakaa. Pacha Mdogo alianza kulia, kilio cha chini chini, na ndugu yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Afande alihisi miguu yake inatembea kabla hajaituma. Alivuka mistari ya chokaa yote mitano, bastola mkononi, akafika ukutani, akampima Pacha Mkubwa. Kijani. Pacha Mdogo, kijani. Nusu. Kalamu alimtazama usoni muda wote anapolengwa, hakupepesa. Kijani.

Mlio wa mwisho ulisikika hadi jikoni.

"Asubuhi walikuwa nyekundu," Madam alisema. "Niliona kwa macho yangu."

"Asubuhi walikuwa wametoka kubeba maji, Madam. Hata mimi nilibeba, nikawaka. Nilipokaa kivulini nikazima. Familia ya Sita inaoga mwisho, maji yameisha, inapanda mlima na ndoo, halafu tunaipima. Ukimpitisha mtu yeyote pale atawaka."

"Basi na wewe unao," Malkia alisema kutoka mstari wa kwanza, na wawili watatu wakacheka.

Madam hakucheka. Alimsogelea Afande hadi hatua chache, akashusha sauti, lakini sauti ya mwalimu haishuki mbali.

"Taa si hoja. Wazazi wameshaamua. Ama hawa watoke, ama watoto wao watolewe shule nzima. Unataka nifunge?"

"Wazazi wanataka watoke wanaoumwa, au watoke wenye sura hizi?"

"Usinifundishe kazi."

"Nauliza, Madam. Maana kama ni ugonjwa, nimewapima. Kama ni sura, kipimajoto hakina taa yake."

Afande angeweza kuishia hapo. Alishasema, hata shangazi asingemlaumu sana. Akageuka akaingia bwenini. Alipotoka alikuwa na godoro lake kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Stoo. Sheria ni yako, Madam. Aliyewagusa anakwenda nao, na familia yake. Nimewabebea ndoo leo asubuhi, mkono kwa mkono."

Familia yake ndiyo Familia ya Kwanza. Ilichukua muda kidogo watu kulielewa hilo, na Malkia ndiye aliyelielewa mwanzo.

"Mimi siendi stoo," alisema. "Mwambieni. Mimi siendi."

"Tena si ninyi tu," Afande aliendelea chini ya godoro. "Baada ya ndoo niliwapima wote. Nimesimama usoni kwa kila mtu hapa."

Msichana wa Familia ya Tatu alisema taratibu kwamba kweli, yeye alishikwa hadi bega. Mwingine akasema na yeye. Minong'ono ikapita mistarini, watu wanajikagua kama walioambiwa wana siafu mwilini.

Madam akageukia ukumbi. "Matroni. Mzuie mtoto wako."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, funguo za stoo zinamning'inia kiunoni. Alizishika zisilie. Alimtazama Madam, akamtazama binti wa kaka yake aliyefunikwa na godoro kama konokono, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ambayo haitoki.

"Madam," alisema hatimaye, "stoo ile inachukua watu wangapi? Kwa sababu huyu amenifuata kwenye mashuka asubuhi, ameniegemea kabisa. Na mashuka nimegawa bweni zima."

Madam alisimama jua la saa nne likimpiga utosini. Alikuwa mtu mzima, amefundisha miaka mingi, na pengine kulikuwa na siku alizoyasema mwenyewe maneno kama haya kwa wakubwa wake. Aliwatazama wale wanne ukutani kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama siku ya kuwaandika ubaoni.

"Mtu asiondoke hapa," alisema, akaingia ofisini.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Walimsikia akibonyeza simu, akisalimia, akikaa kimya kirefu huku mtu wa upande wa pili akimwaga maneno. Uwanja mzima ulisimama kwenye chokaa yake, umetega sikio. Malkia aliinamisha kichwa.

"Hapana, mama," sauti ya Madam ilisema. "Hapana. Nimekusikia. Hawaendi." Kimya tena. "Basi njoo umchukue wa kwako. Lango nitakufungulia mwenyewe."

Mlio wa simu ikirudishwa mahali pake. Nusu aliwafuta mapacha machozi kwa upindo wa sketi yake. Kalamu alichomoa penseli nyweleni, nywele zikamwangukia usoni, akaweka paji la uso juu ya magoti, na mabega yakaanza kumtikisika.

Afande alitua godoro. Alipiga hatua moja kuelekea ukutani, akasimama. Hakuitwa. Akabaki pale alipo, katikati ya uwanja, mikono haijui iwekwe wapi, akingoja.