Tumbo Langu na Ijumaa ya Fundi

Jana mchana niliota, baada ya kumeza vidonge na kugombana na mume wangu kwa sababu ya mkasi. Wenye akili zao huota usiku. Mimi nina wiki mbili tangu nipasuliwe uvimbe tumboni, naota saa yoyote ninayolala.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Siku hizi Baba Rukia ndiye anayepika, na nilimkuta anakata vichwa vya dagaa kwa mkasi wangu wa vitambaa. Wa vitambaa, jamani! Mimi ni fundi cherehani mwaka wa thelathini huu, na mkasi ule hata karatasi haujawahi kuionja. Daktari alisema wiki sita bila kunyanyua kitu, bila kuinama na bila kukanyaga cherehani, la sivyo mshono utaachia nirudishwe kwenye kisu. Mimi nikajipunguzia, nikajipa wiki mbili. Gauni la uchumba la binti wa Bi. Msimu lilikuwa linanisubiri, na nilishapanga: Baba Rukia akitoka kwenda kuswali Alasiri, mimi nakwenda kukanyaga.

Usingizi ukanipitia.

Niko dukani kwangu, ila niko upande wa wateja. Foleni ni ndefu. Tumbo langu nimelibeba kwenye mfuko. Nyuma ya meza imekaa cherehani yangu, imevaa miwani yangu.

"Nimeleta tumbo," nasema.

"La kufanywa nini?"

"Lipone."

Cherehani inachukua chaki ya bluu, inapiga mstari pembeni ya mshono. "Njoo Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa."

Foleni nzima inaangua kicheko. Ndipo ninapowatambua: wateja wangu wote, kila mmoja na nguo yake ambayo haijaisha. Bi. Mwanakombo amevaa gauni la mkono mmoja.

"Mimi niliambiwa Ijumaa kwa gauni la mtoto la Idi," ananiambia kwa upole. "Huyo mtoto sasa ana watoto wawili."

"Si umeme ulikatika?" najitetea.

"Cherehani yako ni ya kukanyaga," anasema.

Nataka kujibu, lakini sasa niko chumba cha upasuaji, na chumba kinanuka dagaa. Baba Rukia amevaa joho la kijani la daktari, anasonga ugali. Mkasi wangu umekaa ukingoni mwa kitanda, unaning'iniza miguu.

"Mama, samahani," unasema. "Nimeonja dagaa. Kwenye satini sirudi tena."

Hapo hasira zikanipanda. Nafungua mdomo nimpe Baba Rukia haki yake. Nasema "wewe", uzi mmoja wa mshono unalegea. Nasema "mwanamume", unalegea wa pili. Nasema "gani", wa tatu huo. Nyuzi zote ni kumi na moja. Nikahesabu maneno yaliyobaki moyoni, hayakupungua mia nne.

Nikanyamaza. Lakini ufundi nao ni ugonjwa, macho yakaenda kwenye ule mshono. Lo! Hatua za sindano pana, umepinda, kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mteja angenirudishia usoni. Nachukua sindano niufumue niushone upya mwenyewe.

"Mama," unasema uzi wa nne, "ukinifumua, kilichomo ndani atakishika nani?"

Nachungulia. Ndani zimekunjwa Ijumaa, moja juu ya nyingine, zimepigwa pasi vizuri, zote zile nilizowaahidi watu. Ya juu kabisa ni mpya, ya Bi. Msimu, nayo ina damu. Niliogopa. Nawaambieni, niliogopa kuliko siku ya kisu chenyewe.

"Sasa nifanyeje?" nauliza.

"Kaa kwenye benchi kama wenzako," inajibu cherehani. "Mbona wao wameweza?"

Nikakaa. Bi. Mwanakombo akanisogezea nafasi, akanipa karanga. Hakunisema hata neno, na hapo ndipo nilipolia.

"Mama Rukia, unalia nini?"

Baba Rukia alikuwa amesimama na bakuli la uji, kofia kichwani, tayari kwenda msikitini. "Mkasi nimeuosha kwa sabuni na ndimu," akasema. "Nisamehe mke wangu. Sikujua kama nao una heshima yake."

Uji ulikuwa na madonge. Nikaunywa na madonge yake.

Alipotoka tu, nikashusha mguu mmoja chini. Mshono ukavuta. Nikafunua kanga nitazame, na pembeni ya plasta nikakuta mstari wa chaki ya bluu. Mimi miaka yote natumia nyeupe.

Nikarudisha mguu kitandani, polepole. Simu ikaita. Bi. Msimu.

"Shoga, lile gauni nije Ijumaa?"

Mdomo ulishajiandaa kusema ndiyo, kwa mazoea.

"Usije," nikasema. "Sijaligusa. Nina wiki nne bado za kulala. Tuma mtu achukue kitambaa, umpelekee fundi mwingine."

Nikamsikia akiwaambia watu wa nyumbani kwake:

"Jamani, vaeni twende tukamwone Mama Rukia. Amesema kweli. Hali yake ni mbaya."