Mkono Uliobaki Kazini

Duka la vifaa lilikuwa na rafu nzima ya vitu vya kunolea, na mdogo mtu alisimama mbele yake kama aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Jumatatu angeanza kazi kwenye kiwanda cha nyama alikokuwa akifanya kazi dada yake. Kisu angepewa, cha kunolea kila mkataji alijitafutia mwenyewe.

Muuza duka, mwanamume mwenye kalamu sikioni, hakuwa na haraka. Alimwonyesha kinoleo cha mfereji, unachomeka kisu na kuvuta mara mbili tatu: rahisi, ila kinakula chuma kama mchwa. Alimwonyesha chenye fremu inayobana kisu ili pembe isibadilike. Kizuri kwa anayeanza, alisema, lakini kwenye zamu nani ana muda wa kufunga na kufungua skrubu? Kulikuwa na mashine ya umeme, ambayo kwa maoni yake ilifaa watu wasiopenda visu vyao. Mwisho akashusha kinoo, jiwe la kawaida, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini kama sabuni.

"Hili litakutesa," alisema, "halafu litakuzoea."

Mateso mdogo mtu alikuwa nayo ya kutosha nyumbani. Akanunua cha mfereji.

Dada yake alikigeuzageuza kwa mkono wa kushoto, akakirudisha mezani. Mkono wa kulia hakuwa nao. Uliondoka na msumeno wa mifupa, kiwandani hukohuko, baada ya kinga ya msumeno kung'olewa kwa sababu ilichelewesha kazi. Kiwanda kilisema dada mtu alizembea, kikampa pole, na kwa huruma kikampa mdogo wake ile nafasi iliyobaki wazi, ila aanzie kwenye visu.

"Ukifika, uulize mkono wangu," dada mtu alisema. "Uko pale karibu na sinki. Huo ndio unaojua."

Habari hiyo mtaa mzima ulikuwa nayo. Siku ya ajali, dada mtu alipokimbizwa hospitali, mkono ulitiwa kwenye ndoo ya barafu ili ufuate nyuma. Lakini zamu ilikuwa haijaisha. Mkono ukatoka kwenye ndoo, ukarudi kwenye meza ya kunolea, ukashika kisu cha kwanza ulichokikuta. Hospitali walingoja, kisha wakashona kilichokuwepo.

Mdogo mtu aliukuta umekaa juu ya kitambaa kibichi, umepauka kwa maji, na lile kovu la pasi kwenye kidole gumba. Kovu alilijua, siku dada yake alipoungua alikuwepo. Wakataji walipita wakiacha visu butu na kurudi kuvichukua vikiwa na makali. Hakuna aliyeutazama mara mbili. Mzee wa meza ya mifupa alipenda kusema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe, ila kunoa unanoa. Msimamizi wa zamu aliusifu kwenye vikao vya asubuhi: hauendi chooni, haupigi soga, haujawahi kuugua.

Mdogo mtu akaweka kinoleo chake mezani. Mkono ukakipapasa, ukakiinua kwa vidole viwili kama aliyeshika panya mfu mkiani, ukakidondosha kwenye pipa la mifupa. Wenzake wakacheka kwa upole, maana karibu kila mmoja alikuwa na chake humo pipani.

Jioni akarudi dukani. Jiwe lilikuwa limeshawekwa juu ya kaunta.

Kuanzia hapo mkono ukamfundisha. Ulipanda juu ya mkono wake, baridi kama bomba la alfajiri, ukainamisha kisu mpaka pembe ikakaa. Ukamsukuma mbele, ukamvuta nyuma. Akikandamiza sana, ulimfinya. Akiharakisha, uligonga meza. Polepole masikio yake yakajua sauti ya chuma kinacholiwa na sauti ya chuma kinachonoleka. Siku kisu chake kilipopita kwenye paja la ng'ombe kama kinapita majini, aligeuka kuuonyesha. Mkono ulikuwa tayari na kisu cha mtu mwingine.

Dada mtu hakuhitaji kusimuliwa. Maumivu yalipomshika pale pasipo na kitu, alisema leo visu vilikuwa butu kweli, au leo maji ya sinki yalikuwa ya moto, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha jioni moja, akihangaika na kifungo cha shati la mwanawe kwa vidole vitano na meno, alisema kwa sauti ya chini:

"Niletee. Hata siku moja tu."

Zamu ilipoisha mdogo mtu aliufunga kwenye kitambaa, akautia mfukoni pamoja na aproni. Getini mlinzi alipekua mfuko akitafuta nyama ya wizi, akauona, akamwambia amsalimie dada yake.

Nyumbani meza ilikuwa imetandikwa na mtoto ameogeshwa, kana kwamba anakuja mgeni wa heshima. Mwanzoni dada mtu aliushika tu. Kisha akausogeza kwenye shati la mtoto. Ukakipapasa kifungo, ukakiacha. Mtoto akautikisa kuusalimu, ukakubali kutikiswa. Halafu vidole vikaanza kwenda mbele na nyuma juu ya meza, mbele na nyuma, bila kisu wala jiwe.

Dada mtu akauinua, akauegemeza shavuni, akafumba macho. Kidole gumba kikapita taratibu juu ya mfupa wa taya lake, kikasita, kikapita tena, kama mtu anayejaribu makali.

"Haunijui," alisema.

"Mkono umechoka tu, dada."

"Hapana. Haujawahi kukaa nyumbani, utanijulia wapi?"

Alfajiri ulisikika ukikwaruza mlango. Dada mtu mwenyewe ndiye aliyeamka akaufungulia, usije ukachelewa. Mdogo mtu akaufuata kwa nyuma, wenyewe ukitembea mbele yake kwa ncha za vidole, ukikwepa madimbwi.

Msimamizi alikuwa akiwangoja. Hakufoka. Alieleza kwamba ajali ilitokea ndani ya zamu, na kilichobaki ndani ya zamu ni mali ya kiwanda. Mdogo mtu akauliza kinga ya msumeno itarudishwa lini. Msimamizi akasema suala hilo linafanyiwa kazi. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia sifa za kisu chake, akampandisha cheo: ahamie msumenoni.

Dada mtu alimwambia akatae. Mdogo mtu alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto vifungo vya shati, akaendelea na kifungo kilichofuata. Dada mtu akatazama sufuria jikoni, akatazama mtoto, akamkunjia mdogo wake aproni.

Asubuhi ya kwanza msumenoni alivaa aproni, akafunga nywele, akaangalia mahali kinga ilipopaswa kuwa. Palikuwa na matundu ya skrubu, yameshaziba kwa mafuta ya ng'ombe. Akageuza uso upande wa sinki.

Mkono ulikuwa umeacha kunoa. Ukakikunjua kile kitambaa kibichi, ukakitandaza upya kwa upana wake wote, kisha ukasogea upande mmoja, ukaacha nafasi.

Mdogo mtu akaushukuru kwa kichwa, akawasha msumeno.