Suruali ya Mfano

Fundi alipotia mkono kwenye mfuko wake wa kazi asiikute ile suruali, hakushtuka. Siku hizi hashtuki. Tangu mama huyu amzike mwanawe wa kwanza, moyo wake umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, naye amezoea kuuburuta hivyo hivyo. Alipekua tena. Akatoa chaki, futi ya kupimia, mkebe wa pini. Suruali hamna.

Mbele yake kina mama walikuwa wameshajaa ukumbini, wengine na watoto mapajani, wanapiga soga. Ukutani, kwenye viti vya plastiki, walikaa wenzake wa kamati: afande wa kituo cha polisi cha jirani, ambaye ni mwanamke mrefu asiyejua kukaa bila kunyoosha mgongo, mwalimu wa nidhamu, nesi wa chumba cha majeruhi, na Kinyozi, ambaye hiyo ndiyo kazi yake na ndilo jina lake, maana lile la kuzaliwa hata mkewe halitumii.

Kamati hiyo iliundwa baada ya vijana wa mitaa miwili kuchomana visu mpaka watu wakaogopa kutuma mtoto dukani. Mwanzoni wanakamati walikuwa wananuniana. Afande alidhani mwalimu anaficha wahuni, mwalimu alidhani afande anajua kukamata tu, na nesi alidhani wote wawili wamefuata chai. Hilo la chai lilikuwa kweli. Lakini baadaye walikubaliana jambo moja na wakalishika: mzazi akija mwenyewe kusema kwamba mwanawe anatembea na kisu, anayekwenda kwanza ni Kinyozi. Afande anabaki kitini. Hakuna pingu wala gari. Taarifa ikitoka kwa mtu mwingine, hapo ni kazi ya afande, na hakuna wa kumlaumu. Kinyozi amewanyoa vijana wale tangu wanalia kwa kuogopa mashine, na ukimshika mtu kichwa miaka yote hiyo, hakukimbii hovyo.

Kazi ya Fundi kwenye kamati ilikuwa ile suruali. Kwa ndani, chini ya mkanda, ubavu wa kushoto, alikuwa ameshona ala nyembamba ya turubai, kama vijana wanavyojishonea, na kwa ustadi kuliko wao. Ukiitazama kwa nje huoni ila mshono wa kawaida. Katika kila kikao kina mama walikuwa wakipokezana suruali hiyo na kuibonyeza kwa vidole, naye akiwaambia wasitazame, wapapase, kwa kuwa jicho hudanganywa na pasi. Mwisho aliwaambia maneno yale yale kila mara: ukikuta, sema, na useme mapema. Aliyasema bila chozi, watu wakamsifu kwa ujasiri. Ujasiri gani? Alikuwa hasikii kitu.

Jambo moja hakuwahi kuwaambia. Suruali yenyewe ilikuwa ya marehemu mwanawe. Siku kamati ilipotaka kitu cha kufundishia, alifungua sanduku, akachukua jinzi iliyokuwa juu, akaikata mshono na kuanza kazi. Ilikuwa imekaa bure. Na ile ala aliipimia kisu chake mwenyewe cha kukatia turubai, kisu ambacho tangu juzi hakionekani dukani kwake, na msichana anayemsaidia kushona alikuwa amesemwa kwa ajili yake mpaka akalia.

Hapo ndipo asubuhi ikamrudia. Kitinda, kitindamimba wake na sasa mwanawe pekee, alikunywa chai wima karibu na mlango, akaaga vizuri. Fundi alimtazama kiunoni, akajisemea: amekua huyu, nguo zimeanza kumkaa. Karibu atabasamu. Alitazama, hakupapasa.

Na wakati wa kufungua kikao mwalimu alikuwa amesema kuna fununu kwamba vijana wa mtaa wa juu wanasubiriwa uwanjani na vijana wa mtaa huu, masomo yakiisha. Fundi aliisikia fununu hiyo kama mtu anayesikia mvua ya mtaa mwingine.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mwepesi: nimeisahau nyumbani, leo nitawachorea. Nani angejua? Angemaliza somo, akimbie uwanjani mwenyewe, na akichelewa, basi. Na akichelewa?

"Suruali ya mfano ameivaa mwanangu," alisema.

Kina mama kadhaa walicheka, wakidhani ndivyo somo linavyoanza.

"Sifanyi mzaha. Ni Kitinda, na kisu anacho. Nasema mapema, kama ninavyowaambia ninyi."

Kicheko kilikatika. Afande aliinuka nusu, nesi akamgusa goti, naye akarudi kitini na kuweka mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. Kinyozi aliuliza jambo moja tu, kama ni uwanjani, akatoka. Chai yake aliiacha imejaa.

Fundi aliendelea kufundisha. Alichora kiuno cha suruali ubaoni, akaonyesha mshono wa kweli na wa uongo, akajibu maswali. Hakuna aliyekuwa akisikiliza, hata yeye. Mama mmoja wa mbele alikuwa akifuta machozi kwa ajili yake, na Fundi alimwonea kijicho kidogo, kwa kuwa ana machozi.

Chaki ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa ukucha, Kinyozi alipotokea mlangoni, jasho likimtoka, na Kitinda mbele yake. Alisema wamekutana kwenye uzio wa uwanja, kijana hakukimbia, na yeye Kinyozi hajakiona hicho kisu wala hajakiomba. Kumpokonya kijana kisu barabarani ni kumwaibisha, na hilo nalo walikubaliana.

Kitinda aliwatazama kina mama, kisha afande, kisha mama yake.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao."

Kitinda alisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Kaka alikuwa mikono mitupu, mama. Na wakamuua."

Fundi alimwendea mwanawe, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya analolifundisha: alipeleka mkono ubavu wa kushoto, akabonyeza. Akakuta mpini. Na nyuma ya mpini akakuta mbavu, zina joto, zinapanda na kushuka haraka haraka. Mkono ukagoma kutoka. Kitu kikaanza kumrudia kuanzia vidoleni, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokaliwa, na kilikuwa na maumivu ambayo alikuwa ameshayasahau.

"Inauma," alisema.

Kitinda aliruka. Alikichomoa kisu mwenyewe, upesi, akamtupia Kinyozi mikononi bila hata kumtazama, akaushika mkono wa mama yake na kuugeuzageuza akitafuta damu.

"Umejikata? Mama, umejikata wapi?"

"Sijajikata," alisema Fundi, akaurudisha mkono pale pale ubavuni.