Damu Iliyokataa Kuganda

Damu ilitoka nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, ikatiririka kwenye nyasi na haikuganda. Sairowua, mwanangu wa mwisho, ndiye aliyechomeka kisu. Ng'ombe tulimkuta asubuhi ile amekufa, tumbo limevimba, na tayari wanawake wa jirani walikuwa wamesimama na sufuria zao. Huku kwetu Ngorongoro ng'ombe akifa hatupwi. Wazee wana nyama zao, sisi wanawake tuna zetu, na chungu kikishatiwa magome machungu tunasema ugonjwa umekwisha. Nimekula hivyo tangu sijaota meno ya pili.

"Koko, mzuie," Namelok aliniambia mimi bibi yake.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingeogopa.

Namelok ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu Parmuat, kifungua mimba wangu. Alikuwa likizo kutoka chuo cha Morogoro, anakosoma habari za vijidudu vya mifugo. Sairowua akamcheka. Akasema kumbe watu wanapelekwa Morogoro kufundishwa kuogopa mzoga, mbona simba hawajasoma na wanakula tu. Wanawake wakaangua kicheko.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nikamwambia Namelok anieleze polepole, maana kumrudisha mtu kwake na sufuria tupu si jambo dogo, ni kama kumwambia wewe si ndugu.

Akavuta uzi wa shanga kutoka kwenye mfuko wangu. Akasema hii ni kimeta. Kijidudu chake hakionekani kwa macho, lakini ndani yake umo uzi unaokizidi chenyewe kwa urefu mara mamia, na amri zote za kuishi na kuua zimeandikwa humo. Hakuna chumba cha kuutunzia. Umekunjwa tu vitanzi vitanzi, kila kitanzi na mahali pake, na ng'ombe akiwa hajapasuliwa vitanzi vile hubaki vimelegea, na kijidudu huoza pamoja na mzoga. Lakini kikipata hewa kinajikaza. Akauzungusha uzi kwenye kidole chake, akaubana mpaka ukawa pete ngumu, kisha akaufumba ndani ya ngumi.

"Kikifika hapa, Koko, jua halikiwezi. Chungu chako hakikiwezi. Kitalala kwenye udongo mpaka watoto wangu wazeeke."

Niliitazama ile ngumi. Nimeogopa chui, nimeogopa ukame, lakini hivyo vyote huja na kuondoka. Sikuwahi kuogopa kitu kinachojikunja na kungoja.

Nikamnyang'anya Sairowua kisu. Wanawake nikawaambia warudi. Nosim, ambaye watoto wake wote nimewapokea kwa mikono yangu, aliifunika sufuria yake na kuondoka bila kuaga. Namelok akampigia simu bwana mifugo, mzoga ukazikwa kwenye shimo refu na chokaa juu, kisu kikachomwa moto. Ila damu ilikwisha kumwagika. Pale tukazungushia miiba.

Siku chache baadaye kidole cha Sairowua kikaota kipele. Kipele kikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, katikati pakabaki peusi kama kaa la moto lililozimika, na mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko.

"Yeyo, hata hakiumi," aliniambia mimi mama yake.

Akauliza mwanamume aliyetahiriwa bila kupepesa jicho atapandaje gari kwenda hospitali kwa ajili ya kipele kisichouma. Wenzake wakamuunga mkono. Namelok hakubishana nao. Alinivuta pembeni, akanieleza kwamba kidonda cha kimeta hakiumi, na kwamba ndani ya mwili ile pete hufunguka. Uzi hulegea, hujinakili, nakala moja huvutwa huku na nyingine kule, kijidudu kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Hata sasa, akasema. Tukiwa tumesimama hapa.

Tangu hapo kila nilipoutazama mkono wa mwanangu niliona nyuzi zikifunguka kimya kimya, zikipanda kuelekea moyoni. Naye alikuwa anakunywa maziwa na kusimulia habari za mnada.

Nikaenda kukaa mbele yake.

"Sairowua, nimelea yatima wa kaka yako. Wako sitaweza."

Aliweka kibuyu chini. Akachukua shuka lake na fimbo, akaenda kungoja gari la kwenda hospitali Karatu. Namelok akamfuata.

Sijui nilikula nini siku zile. Simu ilikuwa kwapani mwangu nikikamua, nikichota maji. Nosim alikuja, akakaa nami. Mwishowe Namelok akapiga. Sindano zimekubali, akasema, uvimbe unashuka.

Sairowua alirudi amekonda, kidole kina kovu lililobonyea. Mvua zikaanza. Kote majani yalichipua kwa uvivu, lakini ndani ya ile miiba, pale damu ilipomwagika, yalipanda haraka, mabichi, mazito, mazuri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule. Ndama walijipanga wakinyoosha shingo.

Sairowua aliwafukuza. Akabaki amesimama pale, akiyatazama yale majani, na mimi nikimtazama yeye kutoka mlangoni. Kisha akaenda kuchukua panga, akaanza kukata miiba mingine ya kuongezea ule ua.