Poda Mlangoni mwa Maabara

Mdogo wake Profesa ndiye aliyemponza. Alimkamata sebuleni asubuhi, akamkalisha kitini kwa nguvu.

"Leo unaagwa kazini, dada. Huendi na uso wa mtu aliyetoka kufua."

Profesa akatulia, akapakwa poda na rangi ya mdomo. Alipojitazama kwenye kioo, hakukataa: alikuwa amependeza.

Miaka yote ya kazi hakuwahi kugusa vitu hivyo. Wanafunzi walimwita Mama Vumbi, wakimcheka kisogoni, lakini amri yake waliijua: chumbani mwake hamwingii poda, manukato wala nywele isiyofunikwa. Humo alitengeneza vipande vyembamba vya kuongoza umeme, vidogo kuliko ukucha, vya kuhimili joto linaloua vile vya kawaida. Chembe moja ikitua pabaya, kazi ya miezi inakwenda na maji.

Siku hiyo kipande chake cha mwisho kilikuwa kinapimwa, na aliyepima ni mwanafunzi wake, binti mpole ambaye hata akikohoa huomba radhi. Profesa aliiamini mikono yake. Ubavu wake ndio uliomtia shaka. Mkuu wa idara hakuwa hata na shaka. "Hakuna atakayekuwa mkali kama wewe," alishamwambia. "Ukistaafu tu, chumba hiki tutakifanya stoo ya viti vibovu." Maneno hayo yalimnyima usingizi.

Akafika maabara mbio, akashika kitasa. Mlango ukafunguka kidogo. Binti alikuwa amejifunika gubigubi, macho tu yakionekana.

"Samahani, mwalimu. Huingii."

"Nani haingii?"

"Wewe, mwalimu. Una poda."

"Nitanawa, basi!"

"Ulitufundisha kwamba kunawa hakutoshi. Na kipande kiko wazi."

"Mtoto wewe, maabara hii nimeijenga mimi!"

Sauti ya binti ilitetemeka, lakini mguu haukusogea. "Ndiyo maana sikufungulii."

Mlango ukafungwa. Damu ilimpanda Profesa mpaka masikioni, akainua mkono agonge. Halafu akaushusha. Kifua kilimjaa fahari.

Mkuu wa idara, aliyekuwa amefika nyuma yake, alibaki ameduwaa. "Amekufungia nje? Wewe?"

"Mimi."

Wakasogea kwenye dirisha la kioo. Ndani, binti aliwasha tanuri dogo, akawageuzia skrini. Joto likapanda, likapita pale ambapo vipande vya kawaida hukata roho. Mstari wa umeme ukaenda vilevile, bila kuyumba. Mkuu wa idara akapiga makofi kama mtoto.

Profesa hakuwa akiutazama mstari. Alimtazama binti, ambaye kabla hata ya kushangilia alichukua kitambaa, akaenda mlangoni, akaanza kufuta pale mwalimu wake aliposhika.

"Viti vyako," Profesa akamwambia mkuu wa idara, "tafuta pengine pa kuviweka."