Kamba ya Simu

Simu ilitoka majini kabla ya Kenneth. Ilitoka kavu ndani ya mfuko wake wa plastiki, skrini inawaka, bado inarekodi. Kenneth mwenyewe alitolewa baadaye sana na wafyatua matofali wa upande wa pili wa shimo lile lililojaa maji, na walipomlaza nyasini hakukuwa tena na la kufanya ila kumfunika.

Simu ilikuwa ya Daisy, dada yake. Ndiyo maana Loku, mume wa Daisy, alipofika nyumbani Dadamu, nje ya mji wa Arua, suruali imemlowa hadi mapajani, alimwekea mkewe simu mkononi kwanza, halafu ndipo akasema lililotokea. Watu waliokuwa uani waliona kwa macho yao. Simu kwanza, habari ya msiba baadaye. Kufikia jioni hadithi hiyo ilikuwa imezunguka Dadamu nzima, na kila aliyeipitisha aliitia chumvi yake.

Kwa haki, wazo halikuwa la Loku. Lilikuwa la Kenneth, kijana aliyekuwa na mawazo mengi kuliko mashati. Mwaka mzima alikuwa akiangalia video za watalii wanaoelea baharini, miwani mikubwa usoni na bomba la kupumulia mdomoni, wakipiga picha samaki na kupigana picha wao kwa wao. Bahari hakuwahi kuiona. Kamera za kuzamia nazo alizitazama kwa mbali tu. Lakini Arua ni Arua. Ukiwa na subira kwenye marundo ya mitumba utapata hata kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajui kinavaliwa wapi. Humo ndimo Kenneth alimoipata miwani, raba yake imepasuka kidogo, pamoja na bomba lake. Mfuko wa simu, ule mwangavu wenye vibanio juu na uzi wa kuvaa shingoni, aliununua kwa mchuuzi wa vifuniko vya simu. Krismasi, alisema, watu wanarudi kutoka Kampala na Juba, na kila mmoja anataka picha ambayo jirani yake hana. Yeye angewapiga chini ya maji, kwa bei ya soda na chapati, waende wakajigambe kwamba likizo walikuwa Mombasa.

Na mtu asidhani alikuwa mpumbavu. Mfuko aliujaribu kwanza kwenye beseni la mama yake, ameweka karatasi ya chooni ndani badala ya simu, ameukandamiza kwa jiwe asubuhi nzima. Karatasi ikatoka kavu. Aligundua kwamba skrini haisikii kidole ikiwa ndani ya maji, kwa hiyo unawasha video ukiwa ukingoni, unazama nayo, kisha ukirudi nyumbani unachagua picha nzuri mle ndani ya video. Aligundua kwamba maji yakitibuliwa picha inageuka uji, na kwamba kazi hiyo inataka jua la utosini. Alifikiria kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Simu yake haikufaa, kamera ilikwishapasuka. Daisy na Loku walikuwa wamekuja na mtoto wao kutoka Koboko kwa sikukuu, na simu ya Daisy ilikuwa nzuri, kwa sababu kwa Daisy simu ndiyo duka. Anauza vitenge Koboko, na wateja wake wa upande wa Sudan Kusini wanamtafuta kwa simu hiyo hiyo. Alimpa mdogo wake asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa anamwogesha mtoto, na hakumbuki kama hata aligeuza kichwa.

Shimo lenyewe liliachwa na watengeneza barabara waliokuwa wakichimba changarawe. Vichaka na miti ya miiba ilikuwa imeshaota ndani yake kabla mvua hazijalijaza, na sasa vyote vimo chini, vimesimama majini kama vilivyosimama juani. Wakati wa kiangazi maji yanatulia, unaona hadi chini. Kenneth aliogelea tangu utotoni. Loku hajui kuogelea hata kwenye beseni, akaachwa ukingoni kushika kamba.

Sasa, Kenneth alikuwa Mlugbara, na Mlugbara hazikwi mpaka wajomba wake wafike. Mama yake, Mindra, alitoka Adumi kuja kuolewa Dadamu, na ndugu zake wa Adumi ndio wenye haki ya kuuliza: mtoto wa dada yetu amekufaje? Wasiporidhika na jibu, kaburi litangoja. Baba angekuwa hai angesimama mbele yao na kujibu, lakini alikwishatangulia zamani, na ukoo wake uliobaki Dadamu ulimtazama Loku kana kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwake.

Walifika Jumanne asubuhi, wazee ndani ya pikapu na vijana kwa bodaboda. Hawakusalimia, hawakugusa chai. Wazee waliketi kwenye mabenchi ya kanisa chini ya turubai, vijana wakabaki wamesimama na fimbo zao. Mkubwa wao ni Abiriga, kaka mkubwa wa Mindra, mtu mwembamba ambaye hajawahi kupaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alizungumza Kiswahili, Loku akiwa Mkakwa wa Midia, huko Koboko, wala si Mlugbara, asije akasema hakuelewa alichoulizwa.

"Wewe ndiyo ulikuwa na yeye?"

"Ndiyo, muzee. Mimi."

"Kamba ilikuwa ya nini?"

"Ya kuvuta. Yeye anapiga kamba mara mbili, mimi navuta."

"Alipiga?"

"Alipiga."

"Na wewe ulivuta."

"Nilivuta, muzee. Na nguvu yote."

"Kamba ilileta nini?"

"Ilileta simu."

Kijana mmoja nyuma alicheka, kicheko kibaya. Abiriga hakugeuka.

"Kamba inaleta simu, inaacha mutu kwa maji. Namna gani?"

"Kamba ilikuwa kwa simu. Haikuwa kwa mutu."

"Nani alifunga kwa simu?"

Loku alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi," akasema. "Mimi ndiyo nilifunga."

Daisy, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake, mtoto mapajani, alijua huo ni uongo. Saa moja kabla wajomba hawajafika alijificha nyuma ya jiko akaiangalia ile video, peke yake, mkono mmoja mdomoni.

Inaanzia ukingoni. Kenneth ameishika simu vibaya, unaona tumbo lake na kamba ya mbuzi wa mama. Sauti ya Loku inasikika vizuri: "Shemeji, funga kamba kwa kiuno yako." Kisha Kenneth anacheka, kile kicheko chake cha kupitia puani, na kusema, "Kamba iko ya simu. Daisy amesema simu ikipotea nisirudi nyumbani. Mimi najua maji, simu hajui." Anaonekana akifunga fundo kwenye uzi wa mfuko, mwenyewe, kwa vidole vyake.

Halafu maji. Mfuko ulifanya kazi vizuri mno, hakuna tone lililoingia. Mwanga wa kijani, vumbi linaelea, matawi. Kenneth anajigeuzia simu na kujipiga uso, mashavu yamevimba, dole gumba juu. Anashuka zaidi, anapita kati ya miti. Shati linanasa. Anajivuta, linanasa zaidi, na sasa simu inatazama huku na huku. Mkono wake unakamata kamba na kuipiga mara mbili, kama walivyokubaliana. Na shemeji yake, juu, mtu mwaminifu, anavuta kwa nguvu zake zote. Uzi unateleza kwenye vidole vya Kenneth. Simu inapanda, na kwa kuwa kamera imetazama chini, anaonekana anabaki, anakuwa mdogo, mkono umenyooshwa juu kuifuata. Kisha jua, na uso wa Loku ukitabasamu, akidhani Kenneth anafuata nyuma ya simu.

Daisy aliizima simu pale pale nyuma ya jiko. Baadaye ndipo maneno yalipomrudia. Ndiyo, alisema. Mtoto alikuwa na sabuni machoni, analia, Kenneth amesimama mlangoni ananyoosha mkono, na yeye akasema, simu hiyo ikipotea usirudi nyumbani. Dada yeyote husema hivyo. Wangekuwa wamerudi wote angekuwa ameshasahau.

Na Loku alikuwepo alipoyasema, na alikuwepo Kenneth alipoyarudia ukingoni. Anayajua yote. Tangu jana hajamgusia mtu, hata yeye mkewe. Alikuwa ameamua kuyabeba.

Chini ya turubai Abiriga alishauriana na ndugu zake kwa Kilugbara, polepole, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Sikiliza. Mutu mwenye akili, anapenda shemeji yake, hafungi kamba kwa simu. Wewe ulipenda simu ya bibi yako. Daisy na mtoto watabaki hapa. Wewe utarudi Midia peke yako, leo. Na njiani, kama vijana wanakukuta, mimi sitakuwa pale kusema kitu."

Vijana walikuwa wamekwishaanza kusogea upande wa njia. Kila mtu pale uani alielewa. Daisy alielewa kuliko wote, kwa kuwa aliwajua vijana hao tangu utotoni. Aliwahi kuona walichomfanyia mwizi wa ng'ombe. Angenyamaza, angekuwa mjane kabla ya jua kuzama. Angesema, basi mama yake angejua. Alimkabidhi mwanamke wa kando yake mtoto, akasimama na simu mkononi.

Loku alimwona. "Daisy," akasema. "Wacha."

"Mjomba," Daisy akamwambia Abiriga, "huyu anadanganya. Si yeye alifunga. Iko hapa."

Aliongeza sauti hadi mwisho, akaishika simu katikati ya wazee. Walijikusanya, vichwa vikagusana. Sauti ya Loku ikatoka, shemeji, funga kamba kwa kiuno yako. Kisha kicheko. Ndani ya nyumba, wanawake waliokuwa na maiti walinyamaza ghafla, na Mindra akatokea mlangoni, kanga imemwanguka begani, uso umechangamka kwa namna ya kutisha. Alidhani mwanawe amecheka.

Alisogea wakampisha. Aliyasikia yote, ya simu na ya kutorudi nyumbani. Daisy alitaka kuizima kabla ya maji, lakini Abiriga alimshika kifundo cha mkono, wakaangalia hadi lile jua na tabasamu la Loku.

Mjomba mmoja alikwenda kusimama kando ya pikapu, amewapa wote mgongo.

"Ulisema hivyo?" Abiriga akauliza.

"Nilisema."

"Na hasira?"

"Hapana, Mjomba. Nilisema tu."

Abiriga alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Akamwita Loku aje karibu. Akamuuliza kwa nini alijifunga kwa uongo, na Loku akasema hakutaka mama asikie. Kisha mzee akawaambia vijana waache fimbo na wachukue majembe, na Loku achimbe pamoja nao. Kenneth akazikwa kabla ya saa kumi, karibu na baba yake, na wajomba ndipo wakakubali chai.

Mindra hakumlaumu binti yake. Daisy alimshukuru Mungu kwa hilo, mjinga yule, akadhani limepita.

Siku ya tatu, Loku alipokwisha kurudi Koboko kuangalia biashara, Mindra alimwita Daisy chumbani. Alitaka kumsikia Kenneth. Picha zake zilikuwepo, ya shule, ya kipaimara, lakini sauti hakuna mahali pengine popote. Kijana alikuwa mtu wa kuandika ujumbe. Daisy alitafuta mahali pale kabla ya maji, akabonyeza. Kicheko. Daisy amesema simu ikipotea nisirudi nyumbani. Mama yake alifumba macho, na mdomo wake ulitabasamu kidogo kwenye kile kicheko.

"Tena," akasema.

Ikawa ndiyo kazi yao, asubuhi na jioni. Wateja wa vitenge walipiga, Mindra akataka wakatwe, kwa kuwa walimkatiza mwanawe katikati ya maneno. Siku moja Daisy alijipa moyo akasema, Mama, kuna fundi Arua anaweza kukata kipande, nikuachie kicheko peke yake, ukisikie mara nyingi unavyotaka.

Mindra aliivuta simu kifuani.

"Usimkate mtoto wangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Kisha akamrudishia, kwa sababu yeye hakujua pa kubonyeza, na Daisy akaketi kando yake kitandani, akatafuta mahali pale, akabonyeza.